Kimo cha Mtu na Kipimo cha Nguo

Mazungumzo yetu ya jioni hii yanahusu jambo ambalo huenda likadhaniwa kuwa ni la vijana peke yao, nalo ni sharti la kimo katika kazi ya uanamitindo, yaani kazi ya kuvaa mavazi na kuyaonyesha, jukwaani au mbele ya kamera, ili wanunuzi wayaone na wayatamani. Nimelichagua kwa sababu wazee wengi wenye mabinti, na hata wenye vijana wa kiume, wamekwisha kuulizwa swali hili nyumbani wakakosa jawabu: mtoto ana sura njema, ana mwendo mzuri, ana adabu na bidii, lakini amekwenda kupimwa akaambiwa kuwa ni mfupi, akarudi nyumbani amenuna. Je, ni insafu mtu kukataliwa kazi kwa kitu asichoweza kukibadili, na huyo aliyekataliwa atakula wapi?

Tuanze na kipimo chenyewe. Mawakala wa wanamitindo wa London, Paris, Milan na New York, ambako ndiko inakoamuliwa sehemu kubwa ya biashara hii, aghalabu humtaka mwanamke awe na kimo cha kuanzia futi 5 na inchi 8 au 9 hadi futi 5 na inchi 11, yaani kama sentimita 173 hadi 180, na mwanamume awe na futi 6 na ziada kidogo, yaani kama sentimita 183 hadi 188. Kipimo huchukuliwa mtu akiwa peku, visigino na mgongo vimegusa ukuta, wala hapana mjadala juu ya viatu virefu alivyokuja navyo. Sasa tulinganishe na watu tunaopishana nao njiani. Mwanamke wa kimo cha kati katika Uingereza ana kama sentimita 162, na wa Tanzania hafiki 160. Kwa hiyo wanawake walio wengi wa mji wa London wenyewe wasingepita katika lango la wakala aliye jirani yao, na binti wa Tanga au wa Kisumu aliyeambiwa kuwa ni mfupi hana sababu ya kudhani kwamba sharti lile lilitungwa kwa ajili ya kulidhalilisha taifa lake au kabila lake, maana limewaacha nje hata dada na shangazi za wale waliolitunga.

Ni vyema tukajua pia asili yake, kwa kuwa sharti ambalo mtu hajui lilikotoka humtisha kuliko linavyostahili. Mwingereza mmoja, Charles Frederick Worth, aliyehamia Paris akiwa kijana na kufungua nyumba yake ya ushoni mwaka 1858, hutajwa kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuwavisha wanawake walio hai nguo zake mbele ya wateja, mahali ambapo desturi ilikuwa kuzivisha sanamu. Na mwanamke aliyetangulia katika kazi hiyo alikuwa mkewe, Bibi Marie Vernet, ambaye alijuana naye walipokuwa wote wawili wakifanya kazi katika duka moja la vitambaa. Hakuna aliyemsimamisha Bibi Marie ukutani kumpima. Alipewa shali akaitupa begani, akatembea hatua chache, mteja akaona jinsi kitambaa kinavyoanguka mgongoni, na biashara ikafanyika.

Aliyeugeuza mwendo huo ukawa tamasha alikuwa bibi mwingine wa Kiingereza, Lady Duff Gordon, aliyejulikana katika tijara kwa jina la Lucile, yule yule aliyenusurika katika ajali ya meli ya Titanic mwaka 1912. Yeye aliweka jukwaa, mapazia na muziki, akawachagua wasichana warefu mno, akawapa majina ya fahari kama Dolores na Hebe. Na hapo urefu ukaanza kuwa sehemu ya maonyesho, kwa sababu mtu anayetazamwa kwa mbali hupungua machoni, na aliye mrefu hubakiwa na cha kutazamwa. Kisha, mwaka 1924, mshoni wa Paris aitwaye Jean Patou, alipoona kwamba fedha nyingi zinatoka kwa wateja wa Marekani, alivuka bahari akawachagua wasichana sita wa Kimarekani, wembamba na wenye miguu mirefu, akawaleta Paris ili mabibi wa kwao wajione wenyewe ndani ya nguo zake. Tulizingatie hilo, kwani Bwana Patou alikuwa akimfuata mnunuzi, na laiti wanunuzi wake wangalikuwa watu wa umbile jingine, yamkini na wasichana wake wangalikuwa wa umbile hilo. Hata Christian Dior, aliyeutikisa ulimwengu wa mavazi mwezi wa Februari 1947, alimwajiri katika miaka ya 1950 binti mmoja aliyeitwa Victoire, ambaye baadhi ya wateja walinung'unika kuwa ni mfupi. Dior akashikilia uamuzi wake, na binti yule akawa miongoni mwa waliopendwa sana katika nyumba ile.

Basi ni kitu gani kilichoikaza kamba mpaka ikawa kama tunavyoiona leo? Ni nguo ya mfano. Mbunifu anapotayarisha mavazi ya msimu ujao, hashoni kila vazi kwa saizi zote. Hushona moja tu, kwa kipimo kimoja, na vazi hilo moja ndilo litakalovaliwa jukwaani, kisha lipelekwe kwa mpiga picha wa jarida, lirudi, lionyeshwe kwa wanunuzi wa maduka makubwa, lirudi tena, lipelekwe mji mwingine. Usiku wa maonyesho msichana mmoja akiugua, vazi lake huvalishwa mwenzake pale pale nyuma ya pazia, na hakuna wasaa wa kufumua wala kushona. Mpango huo hauwezekani ila wavaaji wawe karibu sawasawa kwa kimo na kwa upana. Na kwa kuwa kitambaa kirefu kikianguka bila kuvunjika hupendeza kwa mbali, na kwa kuwa msafara wa watu thelathini walio sawa hauyakwamishi macho ya watazamaji kwa mmoja wao, wabunifu wakaafikiana juu ya urefu. Gauni lililokatwa kwa mtu wa sentimita 178, akivaa mwenye 163, pindo litafagia sakafu, kiuno kitakaa nyongani, na mikono itafunika vidole. Binti anayekataliwa pale hukataliwa na mkasi uliokwisha kufanya kazi yake wiki nyingi kabla hajafika, na wala haiba yake haikupata kufikiriwa.

Nasema haya ili tuache kuuliza swali la uzuri mahali ambapo swali ni la gharama. Wakala anayemwambia binti kuwa ni mfupi hatoi hukumu juu ya uso wake; anamwambia kwamba hana pa kumpeleka miongoni mwa wateja wake yeye. Na jawabu la namna hiyo hukaribisha swali la pili ambalo vijana wengi, kwa majonzi, husahau kuliuliza, nalo ni hili: ni wateja gani wengine, katika biashara hii hii, ambao nguo yao au bidhaa yao haikukatwa kwa kipimo kile?

Kabla ya kulijibu, yafaa tuwataje wale wafupi waliopita, kwa maana majina yao hutajwa kila mara, aghalabu bila kusemwa walipitaje. Wa kwanza ni Lesley Hornby, msichana wa kitongoji cha Neasden, London, aliyekuja kujulikana duniani kote kwa jina la Twiggy. Mwaka 1966, akiwa na miaka 16 na kimo cha futi 5 na inchi 6, alikwenda kwenye jarida moja la wanawake akaambiwa kuwa ni mdogo mno kwa kazi ya mavazi, ila huenda akafaa kwa picha za kichwa, na akatumwa kwa msusi maarufu aitwaye Leonard, mtaa wa Mayfair, akatengenezwe nywele. Leonard akaomba ruhusa ya kumjaribia mkato mpya aliokuwa ameubuni, nywele fupi zilizolala kichwani kama za mvulana. Akakata, akatia rangi, akapunguza, kazi ikachukua takribani siku nzima. Mpiga picha Barry Lategan akampiga picha, picha ikatundikwa ukutani katika chumba cha msusi, na mwandishi wa gazeti la Daily Express, Deirdre McSharry, alipokuja kutengenezwa nywele zake mwenyewe akaiona. Haukupita muda gazeti likamtangaza kuwa ndiye uso wa mwaka ule.

Wa pili ni Kate Moss, binti wa Croydon, ambaye kimo chake ni kama sentimita 170. Mwaka 1988, akiwa na miaka 14, alionwa na Sarah Doukas, mwenye wakala wa Storm, katika uwanja wa ndege wa John F. Kennedy mjini New York. Mwaka 1990 picha zake alizopigwa na Corinne Day pwani ya Uingereza zikachapishwa katika jarida la The Face. Na mwaka 1992 akachukuliwa na mbunifu Calvin Klein. Wa tatu ni Devon Aoki, mwenye kama sentimita 165 tu, ambaye mbunifu Karl Lagerfeld alimtumia katika nyumba ya Chanel ilhali wasichana waliomtangulia na kumfuatia jukwaani walimpita kwa kichwa.

Wote watatu wana jambo moja la pamoja, nalo ni kwamba kamera iliwatangulia na jukwaa likafuata. Kamera haina kipimo cha ukutani; mpiga picha akishuka magoti na kuielekeza juu, mfupi hurefuka, na akiukaribia uso, kimo hutoweka kabisa. Walipokwisha kupata jina, wabunifu waliona faida kuwapunguzia nguo, kwa sababu jina la mvaaji lilikuwa linauza kuliko urefu wa pindo. Walakini ni watu wachache mno kwa miaka thelathini na ushei, na kila mmoja wao alizungukwa na maelfu waliopimwa wakaondoka. Anayemwambia binti wa futi 5 na inchi 3 kwamba atakuwa Kate Moss wa pili, basi amchunguze vizuri, maana yamkini ana kitu mfukoni anachotaka kumwuzia.

Sasa turudi kwenye riziki, ambayo ndiyo hoja yetu. Mlango wa kwanza ulio wazi kwa mfupi ni ule wa nguo zilizokatwa kwa ajili ya wafupi. Katika Uingereza na Marekani maduka hushona saizi maalumu kwa wanawake wa kimo cha sentimita 160 hivi na wanaopungua hapo, na mbunifu wa New York, Hannah Troy, ndiye anayetajwa miongoni mwa waliolianzisha jambo hilo katika miaka ya 1940. Asiyejua ushoni hudhani kuwa dawa ya mfupi ni kukunja pindo. Mtazameni mwanamke mfupi aliyevaa suruali ya saizi ya kawaida iliyokatwa chini: goti la suruali limeteremka hadi kwenye muundi, mfuko wa nyuma umeshuka kupita mahali pake, na kati ya mapaja kitambaa kinaning'inia, na akivaa koti, kikwapa kimelegea ubavuni na kifungo cha kiunoni kimekaa tumboni. Umbile lake lina mgao wake wenyewe, na nguo yake haina budi kuchorwa upya toka begani.

Kwa sababu hiyo viwanda na nyumba za ushoni vinahitaji mtu aliye hai wa kujaribiwa nguo hizo. Husimama kwa saa nyingi ndani ya chumba chenye taa kali, fundi akiwa amebana pini midomoni, akipunguza hapa na kuongeza pale. Kisha huambiwa akae, ainame, anyooshe mkono kana kwamba anashika chuma cha basi, apande ngazi, aseme ni wapi panapobana na ni wapi panapopwaya. Sanamu ya mbao haiwezi kusema kwamba kola inamsugua shingo. Hii ni kazi ya kificho, isiyoleta picha gazetini wala maua, lakini hulipwa kwa saa, hurudi kila msimu, na aliye hodari ndani yake hutafutwa na wabunifu kuliko wengi wanaopita jukwaani. Sharti lake kubwa ni vipimo vya mwili visibadilike mara kwa mara, na ulimi ujue kueleza nguo.

Huku kwetu mlango huo una sura yake. Ingieni duka lolote la mabaibui, Mombasa, Unguja au Dubai, mtaona kuwa abaya huuzwa kwa nambari, 52, 54, 56, 58, 60, na nambari hiyo ni urefu wa vazi kwa inchi toka begani hadi pindoni. Hapa biashara yenyewe imekiri kuwa wanawake hawalingani kwa kimo. Hata hivyo, mara nyingi muuzaji anayetuma picha za bidhaa zake kwa simu humvisha msichana mmoja mrefu abaya ya 60, na mteja wa 52 akabaki akikisia nakshi ya mkononi itaishia wapi na mkunjo wa kiunoni utakaa wapi. Mfanyabiashara mwenye busara angewaweka wawili, mrefu na mfupi, akapunguza mabaibui yanayorudishwa dukani. Na binti mfupi mwenye busara angemwendea muuzaji huyo akamwonyesha hesabu hiyo kabla ya kumwonyesha picha zake.

Mlango wa pili ni wa viungo. Saa, pete, sabuni, simu, vikombe, mafuta ya ngozi, vyote huuzwa kwa picha ya mkono, na hakuna aliyeuliza mwenye mkono ana futi ngapi. Makubadhi na ndara huuzwa kwa picha ya mguu. Wapakaji wa hina na piko wa mwambao huhitaji mikono na miguu ya kuonyeshea kazi yao, yenye ngozi safi, kucha zilizotunzwa, na mwenye nayo awe na subira ya kukaa kitako muda mrefu bila kutikisika hadi hina ikauke. Nywele, meno na macho vina soko lake pia. Anayeishi kwa kazi hiyo huvaa glavu akiosha vyombo, hukwepa jua kali na hujihadhari na kisu jikoni, kwani kovu moja dogo laweza kumkosesha ujira wa mwezi.

Mlango wa tatu, na huu ndio mpana kuliko yote, ni wa matangazo ya biashara. Benki, kampuni za simu, viwanda vya unga, mafuta na dawa za meno hutafuta mtu atakayefanana na jirani yako: mama mwenye duka, kijana wa chuo, bwana anayesoma gazeti, bibi arusi, muuguzi. Katika matangazo hayo mtu huketi mezani, hucheka, humimina chai, na kimo chake hakimshughulishi yeyote. Kinachotakiwa ni uso unaosema bila maneno, mtu afike kwa wakati, na aweze kurudia tabasamu lile lile mara ishirini bila kulichosha. Wanaume wafupi, ambao suti za maonyesho haziwakai kwa kuwa hukatwa kwa ajili ya warefu, nao hupata nafasi zao hapa.

Anayetaka kubisha hodi katika milango hii atayarishe vitu vichache. Apige picha za wazi, uso haukujazwa rangi, nywele hazikuuficha uso, nguo imekaa mwilini, moja ya uso, moja ya ubavu, moja ya mwili mzima. Hazihitaji kuwa za gharama. Atengeneze kadi yenye picha hizo na vipimo vyake vya kweli: kimo, kifua, kiuno, nyonga, saizi ya nguo na ya kiatu. Nasisitiza kweli, kwa maana anayejiongezea inchi mbili kwenye karatasi hawezi kujiongezea mwilini, na siku atakapofika mbele ya fundi, mkono wa koti utatoa ushahidi, na siku ile itakuwa imeharibika kwake na kwa watu waliomngojea. Ajue kuwa kazi hii huja kwa vipindi, hivyo awe na shughuli nyingine ya kumlisha. Na akumbuke kuwa kwa mujibu wa desturi wakala hupata chake kwa kukata fungu katika ujira uliokwisha kulipwa, ambalo mara nyingi ni asilimia 20.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni ulaghai. Aliyekataliwa kwa kimo huwa na kiu, na wako watu wanaouza maji ya chumvi. Huyu atadai ada ya kuandikishwa. Yule atadai ununue picha kwake peke yake. Wa tatu atakwambia kuna kazi Dubai, tuma nauli na pasipoti. Wako na wanaouza vidonge na mafuta ya kurefusha kimo, ilhali mifupa mirefu ya miguu hukua kwenye ncha zake, na ncha hizo zikiisha kufunga mwishoni mwa ujana, hapana kidonge wala mazoezi yatakayozifungua tena.

Kanuni ya kuwatambua ni nyepesi, na mfano wake bora ulitokea mjini Nairobi. Mwaka 1975 mpiga picha wa Kimarekani, Peter Beard, alimwona njiani msichana mrefu wa Kisomali, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akamwomba ampige picha. Msichana huyo, ambaye ndiye mwanamitindo Iman, hakutoa hata senti. Alitaka kwanza alipiwe karo yake ya chuo, na akalipiwa. Baadaye alipofika New York, magazeti yalisimuliwa kuwa alikuwa mchunga mifugo aliyeokotwa porini, ilhali alikuwa binti wa balozi, mwenye lugha tano. Tuyaache masimulizi hayo, tuishike ile karo. Katika kazi hii fedha hutoka kwa anayetaka kuuza bidhaa kwenda kwa anayeionyesha, na popote zinapoelekea kinyume cha hapo, jueni kwamba bidhaa inayouzwa ni binti mwenyewe. Hata sheria za nchi zimekuja kulikiri hilo: Uingereza ilipiga marufuku mwaka 2010 kuwatoza wanamitindo ada ya awali kabla hawajapatiwa kazi, na jimbo la New York lilipitisha mwishoni mwa 2024 sheria inayowakataza mawakala kudai amana kwa wanamitindo, na kuwawekea kikomo cha asilimia 20 katika fungu lao.

Limebaki neno kwa wabunifu wetu. Tangu mwaka 2008, Mustafa Hassanali alipoanzisha Swahili Fashion Week mjini Dar es Salaam, tumekuwa na jukwaa la fahari la kuonyeshea kazi za mikono yetu. Warefu wetu wamefika mbali, nao tunawapongeza: Flaviana Matata, aliyeiwakilisha Tanzania katika shindano la Miss Universe mwaka 2007 akiwa amenyoa kipara, aliingia miongoni mwa kumi wa mwisho na kwenda kufanya kazi New York. Lakini nauliza kwa staha: ile sababu ya nguo moja ya mfano, iliyowabana watu wa Paris, inatubana sisi kwa kiasi gani? Mteja wetu wa Kariakoo, wa Biashara Street au wa Darajani bado hununua kitambaa akakipeleka kwa fundi, fundi akamzungushia utepe kiunoni na kifuani, akaandika vipimo daftarini, akamkatia nguo yake yeye. Mbunifu anayewashonea watu kwa vipimo vyao mwaka mzima, kisha siku ya maonyesho akamfukuza binti wa sentimita 158 kwa kuwa hafiki 175, amechukua sharti la biashara isiyokuwa yake, na amewanyima wateja wake nafasi ya kuona nguo hiyo itakavyowakaa wao. Siombi sharti lifutwe. Naomba katika kila nguo kumi zitakazopita jukwaani, tatu au nne zivaliwe na watu wa kimo cha wanunuzi, na mauzo ya kesho yake yatatoa hukumu.

Na kwenu vijana, na kwenu wazazi wao, nasema hivi. Pimeni kimo peku, kwa ukweli, na mkikubali kilivyo. Aliyefika sentimita 175 na ajaribu jukwaa. Aliyeishia 160 na aende moja kwa moja kwa washoni wa nguo za wafupi, kwa wauza mabaibui, kwa wapiga picha za bidhaa na kwa watengenezaji wa matangazo, asipoteze miaka yake akigonga mlango uliochongwa kwa kimo kingine. Mkataba na usomwe na mtu mzima kabla ya kutiwa sahihi. Ada ya kutafutiwa kazi asilipe mtu yeyote, awe mrefu au mfupi, kwa kuwa mwenye kazi ndiye mwenye wajibu wa kulipa.